Bembea ya Watu Wawili

“Nakul nimeshamfuta,” Yamini alimwambia rafiki yake Ridhima kwenye stesheni ya Jaipur, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye sanduku lake la magurudumu. “Nimemfuta kama ubao wa darasani. Leo ukinionyesha picha yake nitakuuliza, huyu ni fundi bomba wa wapi?”

“Sasa Udaipur unakwenda kufanya nini?”

“Likizo.”

“Udaipur. Kwao Nakul.”

“Kwao Nakul ni mtaa mmoja, Ridhi. Mji una mitaa mia. Mimi nakwenda kuangalia ziwa.”

“Ziwa hata hapa Jaipur lipo.”

“La hapa nimelizoea.”

Ridhima alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha. Treni ikapiga honi. Yamini akapanda na majigambo yake, akapata kiti cha dirishani, akakaa. Majigambo hayo yalishuka stesheni gani njiani mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Udaipur alishuka peke yake.

Hoteli ya Veyora ilikuwa ghorofa kumi na moja za vioo vitupu, mpya kiasi kwamba lifti bado zilinuka gundi. Aliichagua kwa makusudi, na makusudi yenyewe nitakueleza. Kwanza aingie chumbani.

Runinga ilikuwa imewashwa tayari, imeandika kwa herufi za dhahabu: KARIBUNI, BWANA NA BIBI YAMINI. Kitandani taulo mbili zilikuwa zimekunjwa zikawa mabata wawili wanaobusiana. Ndara jozi mbili. Miswaki miwili. Na kitanda chenyewe kilikuwa kipana, hata angegaagaa usiku kucha asingefika ukingoni.

Akamtenganisha bata mmoja na mwenzake, akampeleka bafuni. Kisha akapiga simu mapokezi.

“Samahani kaka, niliomba chumba cha upande wa milimani.”

“Tumekupa cha ziwani, dada, bila kuongeza hata rupia moja. Zawadi yetu.”

“Nataka cha milimani.”

“Kila mtu anataka cha ziwani, dada.”

“Mimi si kila mtu.”

“Milimani kumejaa. Kesho ni Karva Chauth, wanandoa wamemiminika. Bwana anafika saa ngapi, tumwandalie gari?”

“Bwana hafiki,” alisema, akakata simu.

Karva Chauth. Siku ambayo wake hufunga tangu alfajiri bila chakula wala tone la maji, ili waume zao wawe na maisha marefu. Katika siku zote za mwaka alizoweza kuchukua likizo, Yamini, ambaye ni mwalimu, alichukua hiyo. Ukimuuliza, atakwambia ratiba ya shule.

Akabonyeza kitufe na pazia likafunguka lenyewe. Ng'ambo ya ziwa, uso kwa uso naye, lilisimama jumba la kale la Kasumbal Mahal, siku hizi nalo hoteli, na vidirisha vyake vya mawe, na ngazi zilizoshuka hadi majini. Akabonyeza tena. Pazia likafunga. Akabonyeza tena.

Hoteli hizo mbili ndizo walizogombania mwezi wa kwanza, yeye na Nakul, walipokuwa bado wachumba wanaopanga fungate.

“Kasumbal,” alisema Nakul siku ile, wamekaa kwenye benchi nje ya shule anayofundisha Yamini, wakila kachori kwenye karatasi moja.

“Kasumbal? Nyumba ya popo ile? Nakul, mimi nataka bafu lenye maji ya moto, sitaki historia. Twende Veyora. Taa zinawaka ukizisemesha.”

“Taa ukizisemesha zitakujibu?”

“Zitanijibu kuliko wewe. Sema ukweli, unataka kulala jumba la kale ujifanye mfalme. Uvae kilemba, upige picha, umtumie kila mtu benki kwenu.”

Nakul alikuwa na tabia moja: ukimgusa penye kidonda, hanung'uniki. Hukunja karatasi. Siku ile aliikunja ile karatasi ya kachori mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama jino.

“Basi Veyora,” alisema.

Yamini alicheka, akamwita mfalme aliyepinduliwa. Ushindi ule aliuonea raha wiki tatu. Halafu mama yake Nakul, Bi Kumud, akafika Jaipur na karatasi ya mnajimu.

Alikaa sebuleni kwa kina Yamini kwa adabu zote. Chai hakuigusa. Akasema, “Binti ni mzuri. Ana elimu, ana heshima. Lakini amezaliwa na Mirihi mahali pabaya. Nyota kama hiyo inakula mume. Mimi nina mtoto mmoja.”

“Mama,” Yamini alidakia, ingawa msichana anayeposwa hadakii, “Mirihi ni mawe na vumbi. Nawafundisha watoto wa darasa la nane.”

“Wafundishe,” alisema Bi Kumud. “Lakini huyu wangu usimfundishe kufa mapema.”

Nakul hakukubaliana na mama yake, ila hakumpinga mbele za watu. Nje, kwenye geti, alimshika Yamini kidole kimoja tu. “Njoo Udaipur,” alisema. “Kaa na mama siku moja. Siku moja tu. Mama akikuona jinsi ulivyo, ataacha.”

“Nije nimwahidi mama yako kwamba sitakuua? Siji, Nakul.”

“Yamini…”

“Siji.”

Yamini alisubiri Nakul akunje karatasi, lakini siku ile Nakul hakuwa na karatasi. Alikiachia kile kidole, akaenda. Miezi minane sasa.

Jioni ile ya kufika, Yamini alikaa kwenye kiti cha dirishani, akaliangalia jumba la ng'ambo likibadilika rangi, kutoka asali hadi waridi hadi kijivu. Alitulia muda mrefu. Ghafla taa zote za chumba zikazimika. Mashine ya ukutani, iliyowekwa kuokoa umeme, ilikuwa imetafuta mtu chumbani ikaona hayumo.

“Nipo,” alisema gizani.

Taa hazikuwaka. Ilibidi apunge mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari, ndipo chumba kikakubali kwamba humo anakaa kiumbe. Akatulia tena. Zikazima tena. Akapunga tena. Mara ya tano akaona afadhali giza.

Alfajiri, saa kumi na moja kamili, macho yalifumbuka yenyewe bila kengele. Mwaka jana saa hiyohiyo Nakul alimpigia simu: “Amka ule, mwalimu, usije ukazimia mbele ya watoto.” Mwaka jana walifunga wote wawili, Nakul naye kwa siri, akisingizia kwamba anapunguza uzito tu.

Safari hii simu ililala kimya juu ya meza. Chakula cha alfajiri cha siku hii huletwa na mama mkwe: tambi za maziwa, matunda, ladu, vimefunikwa kwa kitambaa chekundu. Yamini alifungua kile kifriji cha chumbani, akatoa kipakiti cha korosho, akazila amesimama, miguu peku kwenye marumaru baridi. Akanywa glasi mbili za maji.

“Njaa tu,” aliuambia ukuta.

Jua likachomoza. Tangu hapo hakutia kitu mdomoni.

Kwenye ukumbi wa kifungua kinywa alizunguka meza ya vyakula mara tatu na sahani tupu. Wake za watu hawakuwepo. Waume zao walikaa mmojammoja, wamenyong'onyea mbele ya mayai, wanaona aibu kula. Mhudumu mmoja kijana mwenye kitambulisho kilichoandikwa Jignesh alimfuata.

“Dada umefunga?”

“Mimi? Kwa ajili ya nani? Tumbo linanisumbua.”

“Pole! Ngoja.” Akaenda mbio, akarudi na glasi ya maji ya limau na chumvi. “Dawa ya tumbo hii. Bibi yangu anaiamini kuliko hospitali.”

Yamini aliiangalia ile glasi. Iliangaliana naye. “Iache hapo, nitakunywa.”

“Kunywa nikuone, dada.”

“Kaka, wewe ni mhudumu au muuguzi?”

Jignesh akacheka, akaenda zake. Aliporudi baada ya nusu saa glasi ilikuwa vilevile, na kiti kitupu.

Saa saba mchana Ridhima akapiga simu.

“Umekula?”

“Nimeshiba mpaka nashindwa kuinama.”

“Mh. Sikiliza, nakwambia kitu halafu usinikatie simu. Nimekutana na yule binamu yangu anayefanya kazi na Nakul benki. Jumapili wanakwenda Bhilwara. Kumwona msichana.”

Yamini alibonyeza kitufe cha pazia.

“Mama yake ndiye amempata. Nyota zimepimwa, zote zimelala sawa. Nakul amekubali kwenda kuangalia tu, hakusema zaidi. Yamini? Leo ni Jumatano. Kama una neno la kumwambia, una siku nne.”

“Neno gani? Nimeshamfuta.”

“Kama ubao.”

“Kama ubao.”

“Ubao ukiufuta, mwalimu, chaki huwa inakwenda wapi? Si inakujaa wewe mikononi?”

Sasa hapo ndipo alipokata simu.

Alikaa kidogo, taa zikamzimikia. Hakupunga mkono. Alivaa kanzu yake ya pamba ya rangi ya kahawia, makusudi isiwe nyekundu, akashuka, akasimamisha bajaji. Alijiambia anakwenda kuona lile jumba lilivyo baya, ili roho itulie.

Mlangoni pa Kasumbal Mahal alisimama mzee mwenye kilemba cha zafarani na masharubu yaliyosokotwa mpaka karibu na masikio. Jina lake Girdhari.

“Naomba kuangalia tu, mzee. Rafiki yangu anaolewa, anachagua hoteli ya fungate, hii au ile ya vioo.”

“Ni maharusi, au ni wapiga picha?”

“Tofauti yake nini?”

“Wapiga picha hulala kule kwenye vioo, huku huja mchana kupigia picha. Maharusi hulala hapa.”

“Kwa sababu ya uzuri wa jumba?”

“Uzuri gani? Maharusi hata ukuta hawauoni, binti. Ungewaweka stoo wangeshukuru. Hulala hapa kwa sababu kuta ni nene.”

Yamini alicheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe; kilikuwa hakijatoka siku nyingi. Mzee Girdhari akampitisha uani, akampandisha ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani. Hakukuwa na popo. Kulikuwa na harufu ya jasmini na mbao zilizopakwa mafuta, na njiwa wakikoroma kwenye vidirisha. Juu darini, pembeni kabisa, chini ya kuba dogo la mawe, ilining'inia bembea ya minyororo ya shaba.

“Kaa,” alisema mzee. “Ila ni ya watu wawili. Ukikaa peke yako inaelemea.”

Akakaa. Ikaelemea upande mmoja.

“Si nimekwambia. Mwezi wa kwanza alikuja kijana hapa, akakaa peke yake hivyohivyo, ikamwelemea, akacheka kama wewe. Mtoto wa mpishi wetu, mzee Shyamlal.”

Yamini akashika mnyororo. Nakul aliwahi kumwambia kwamba baba yake alistaafu kazi ya hoteli. Hoteli gani, kazi gani, yeye hakuuliza.

“Alitaka nini?” aliuliza.

“Chumba, cha mwezi wa nne. Unajua, Shyamlal alipika hapa miaka thelathini na moja. Kila siku ya Mungu anaingia kwa mlango wa jikoni, anatoka kwa mlango wa jikoni. Ukumbi wa kulia hakuwahi kukaa hata kiti kimoja. Sasa kijana akaniambia, Babu Girdhari, mimi nitampitisha mke wangu mlango wa mbele. Nitakaa naye ukumbini, baba na mama tumewaketisha katikati, na mimi ndiye nitakayemwekea baba sahani. Nikamwambia, hata zulia nitakutandikia.” Mzee alivuta sharubu. “Wiki ile ile akapiga simu. Akasema mchumba wake anapenda kule ng'ambo, kwenye taa zinazosema. Hakulalamika. Alisema tu, basi Babu, siku nyingine.”

Njiwa waliendelea kukoroma. Yamini aliinamisha uso, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake, mara mbili, mara nne, mara nane.

“Rafiki yako mwambie aje huku,” alisema mzee.

“Nitamwambia.”

“Unaweza kukaa upumzike. Jioni dari hili litajaa, wageni waliofunga watakuja kusikiliza kisa cha mfungo. Kila mwaka anasimulia mke wa Shyamlal mwenyewe. Ukimsikia Bi Kumud utalia.”

Hapo mtu mwenye akili angeshuka ngazi mbilimbili, aite bajaji, arudi kwenye mabata yake ya taulo. Yamini alinyanyuka kweli. Alifika hata kwenye ngazi. Lakini jua lilikuwa limeshagusa milima, na koo lilikuwa kavu kama chaki, na mfungo wake ulikuwa umebakiza chini ya saa moja. Alirudi kwenye ile pembe. Alijiambia nyuma ya nguzo haonekani.

Wakaja kweli, wanawake kama ishirini, wamevaa nyekundu na dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, kila mmoja na sinia lake lenye taa, chekecheo la kuchungulia mwezi na kijungu cha maji. Walicheka, wakarekebishana shanga, wakalaani njaa, wakawasema waume zao waliokuwa chini wakinywa chai kwa kujificha. Bi Kumud alikuja wa mwisho, mdogo wa umbo, sari ya rangi ya komamanga, miwani puani. Wote wakakaa duara kumzunguka, wakatazama upande wa mashariki, ambako mwezi ungetokea kwenye saa mbili. Mke huwa hafungui mpaka auone mwezi, na mume wake baada ya mwezi.

Asiyeolewa ana sheria nyingine. Yeye hana mwezi. Hufungua kwa nyota.

Yamini alitazama magharibi. Mbingu ilikuwa bado na wekundu kidogo, na juu ya wekundu ule, saa moja kasoro dakika chache, ikatokea, moja, ndogo, bila kishindo. Watu ishirini darini na hakuna mwingine aliyekuwa akiitazama. Mwaka jana Nakul aliileta glasi ya maji mpaka kwenye kioo cha simu, akasema, “Haya fungua mdomo,” wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Akatoa chupa ndogo ya maji mkobani. Akasimama, akaifungua, akaielekeza kwenye ile nyota, akamimina polepole mawe yakapata maji. Mwalimu wa darasa la nane, mjuzi wa mawe na vumbi. Midomo ilikwenda yenyewe:

“Nakul awe na maisha marefu. Hata kama si na mimi. Hata Bhilwara. Awe nayo tu.”

Kisha akanywa. Alikunywa macho yamefumba, mpaka nusu ya chupa, maji mengine yakimshuka shingoni.

Alipogeuka, Bi Kumud alikuwa hatua tatu nyuma yake.

Kila mwaka, kabla ya kuanza kisa, mama huyo huzunguka dari lote kumtafuta aliyejitenga, amlete kwenye duara. Alikuwa amesimama na sinia lake mkononi, na mwanga wa kile kitaa ulimulika miwani yake, macho hayakuonekana. Alisimama hapo tangu saa ngapi? Haijulikani. Maji yaliyomwagwa yalikuwa yamepita kwenye mwanya wa mawe, yamefika mpaka kwenye kidole chake cha mguu.

“Mwalimu,” alisema.

“Shikamoo, mama.” Akainama kumgusa miguu. “Nilikuwa… napita tu. Namchagulia rafiki yangu hoteli.”

“Umefunga?”

“Hapana, mama. Tumbo. Tangu asubuhi tumbo linanisumbua.”

“Ooh, tumbo.” Bi Kumud aliitazama ile midomo iliyopasuka kwa ukavu. “Na alfajiri, nani alikuletea chakula?”

“Hakuna mtu.”

“Ulikula nini?”

“Korosho,” alisema Yamini, kisha akafunga mdomo kwa mkono, maana mwenye maradhi ya tumbo hali korosho saa kumi na moja ya alfajiri.

Kwenye duara mtu aliita, “Mama Kumud, tunakungoja, anza basi!” Bi Kumud hakugeuka. Aliweka sinia lake chini, taratibu, taa isizimike.

“Mama, nilikuwa na kiu tu.”

Mama yake Nakul aliangalia juu, kwenye ile nyota. Akaangalia chini, kwenye maji yaliyomlowesha mguu. Akavitazama vyote viwili tena, kama mtu anayesoma karatasi aliyokwisha kuisoma vibaya mara ya kwanza.

“Mwenye kiu, binti,” alisema, “haanzi kwa kuinywesha nyota. Sogea hapo kwenye bembea, nami nikae. Mwezi wangu bado.”